Picha Uliyoikosa Leo Itapita Tena Kesho

Pasi nzito inapoinuliwa kutoka kwenye kitambaa chenye unyevu, mvuke hutoka chini yake ukiwa bado umeshikamana, mwepesi kama utaji, kisha hutawanyika. Haichukui hata sekunde mbili. Kwenye karakana ninayoshonea, meza ya pasi iko ubavuni mwa dirisha linalotazama mashariki, na nyuma yake kuna ukuta wa rangi ya kijivu iliyokolea. Asubuhi moja nilikuwa natunga uzi, nikainua macho kupumzisha shingo. Jua lilikuwa limeingia kwa mshazari, mzee wetu wa pasi ameinua mkono, na ule mvuke ukawaka mweupe mbele ya ukuta hata vidole vyake vikaonekana kana kwamba vinaushika. Kamera yangu ilikuwa mkobani, na mkoba umening'inia nyuma ya mlango. Nilipoifikia, koti lilikuwa limeshatundikwa na mzee ameketi.

Jambo hilo liliniuma siku nzima. Usiku, nikiwa nimelala, nikaanza kujiuliza. Kesho mzee atapiga pasi? Atapiga, ndiyo kazi yake. Jua litapita dirishani? Litapita. Saa ngapi? Hapo nikakwama. Nimekaa kwenye chumba kile miaka mingi, na sikujua jua linafika mezani pa mzee saa ngapi. Siku iliyofuata niliweka kamera mapajani, saa mbele yangu. Jua lilifika mezani saa 3:40 asubuhi, likaondoka saa 4:05. Ndani ya dakika hizo 25 mzee aliinua pasi mara nyingi hata nikaacha kuhesabu.

Mimi ni fundi cherehani. Kupiga picha nakupenda sana, lakini cherehani ndiyo inayonilisha, na sina siku za kusafiri kutafuta mandhari. Haya ninayoyaandika nimejifunza kati ya meza ya kukatia na dirisha, na yote yamesimama juu ya jambo moja: kazi na maisha ya kila siku hujirudia. Bwana harusi huvishwa pete mara moja; ukichelewa, umechelewa. Lakini fundi huinua pasi kutwa nzima, mtu hukung'uta shuka lake kila asubuhi, kondakta hufunga mlango kila kituo. Ukiishi katikati ya mambo hayo umepewa nafasi ya pili, ya tatu, hata ya hamsini. Kazi yako ni kujua nafasi hizo zinakuja lini, na zikija zikukute umeshasimama mahali pake.

Anza na daftari

Wiki ya kwanza usipige picha. Najua ni ombi gumu kwa mtu mwenye hamu, lakini vumilia. Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kila unapoona kitu kinakuvuta macho andika mambo haya: saa, mwanga unatokea wapi na unaangukia juu ya nini, na nani au nini hupita hapo. Usiandike kama mshairi. Andika kama mtu anayeacha maelekezo kwa mwenzake wa zamu. Haya ni baadhi ya niliyoandika wiki yangu ya kwanza:

"Saa 1:15 asubuhi. Mwanga unapita chini ya mlango, unachora mstari sakafuni hadi kwenye cherehani ya tatu. Kila anayekuja kufungua mlango, viatu vyake vinakata mstari huo kabla hajaingia."

"Saa 3:40. Meza ya pasi, kutoka kushoto. Mvuke."

"Saa 6 mchana. Jua halimo ndani. Ukuta mweupe wa jengo la pili unarudisha mwanga laini hadi meza ya kukatia. Kitambaa kikiwa cheupe, uso wa anayekata unamulikwa kutoka chini."

"Saa 11:20 jioni. Vumbi la nyuzi linaonekana hewani fagio likipita karibu na dirisha la nyuma. Kwingine halionekani."

Ukiisoma wiki hiyo kwa pamoja utashangaa. Mimi niligundua kwamba chumba nilichokuwa nakidharau, nikikiita cha giza, kina mwanga mzuri wa aina nne kwa siku, kila mmoja na saa yake na kazi yake.

Kuhusu jua, yako mambo ya kuyashika kichwani. Linapita angani digrii 15 kwa saa, sawa na digrii moja kila dakika nne. Ndiyo maana kipande cha mwanga mezani ukikikodolea macho huonekana kimetulia, lakini ukienda kunywa maji ukarudi unakuta kimepanda begani mwa mtu. Kuna na mwendo mwingine, wa polepole zaidi. Kati ya Juni na Desemba njia ya jua huhama kutoka kaskazini kwenda kusini kwa takriban digrii 47, na huhama kwa haraka zaidi karibu na Machi na Septemba. Mwanga wangu wa saa 3:40 ulidumu wiki chache tu, halafu pembe ya jengo la jirani ikauziba. Nilidhani nimeupoteza. Kwa bahati nilikuwa nimeandika tarehe, na baada ya miezi kadhaa, jua lilipokuwa linarudi kwenye njia ile ile, nikaanza kuuvizia, na kweli ukaja. Kwa hiyo andika tarehe pamoja na saa.

Josef Sudek, mpigapicha wa Prague, alisomea kujalidi vitabu kabla ya kupoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1954 alipiga picha kupitia dirisha la studio yake: dirisha lile lile, mti ule ule uliopinda nje, na kioo ambacho leo kina ukungu, kesho matone, keshokutwa barafu. Miaka 14, dirisha moja. Ninapochoka na dirisha langu namkumbuka yeye, nalitazama upya.

Soma mzunguko wa kazi yenyewe

Hapa ndipo mtu wa kazini anapompita mpigapicha mgeni, hata mgeni awe na kamera nzuri kiasi gani.

Wageni wakiingia karakanani kwetu, wengi huinamia sindano. Inang'aa, inaruka, inavutia. Lakini cherehani ya umeme ya karakana inaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika, ambayo ni zaidi ya 80 kwa sekunde. Hata kwa kasi ya shata ya 1/500, yaani kamera ikifunguka kupokea mwanga kwa sehemu moja tu ya 500 ya sekunde, sindano hiyo itatoka imechafuka kwa mwendo. Nilihangaika nayo muda mrefu, nikipandisha kasi na picha ikizidi kuwa nyeusi, mpaka siku moja nikajiuliza kwa nini naihangaikia. Mambo yako kwenye vidole.

Mtazame fundi anayeunga mkono wa shati. Kidole cha shahada cha kushoto kinatangulia mbele ya mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano. Kinalainisha kitambaa, kinakuta mkunjo, kinasita, kinausukuma pembeni, kinaendelea. Kila baada ya sentimita chache fundi anasimamisha mashine sindano ikiwa chini, ndani ya kitambaa. Anainua mguu wa cherehani, anageuza nguo, anaushusha tena. Ukiwa karibu unasikia kwamba na pumzi yake imesimama. Mwishoni anavuta nguo nje, uzi unanyooka kati ya nguo na sindano, na kabla mkasi haujafika anauinua mshono usawa wa macho kuukagua. Kwa sekunde moja au mbili uzi umekazwa, mikono imetulia, na uso wake ni wa mtu anayeamua kama kazi yake inafaa. Mimi nikiona kidole cha shahada kinaachia kitambaa, najua nina kama sekunde tatu za kuinua kamera. Mgeni hawezi kujua hilo. Wewe kwenye kazi yako unalijua, ila hujawahi kulitumia.

Fanya hivi. Keti bila kamera, utazame kazi moja ikianza na kuisha mara tatu. Mara ya kwanza angalia mikono peke yake. Mara ya pili angalia uso. Mara ya tatu usimwangalie mtu kabisa. Angalia kilicho nyuma yake na pembeni yake, kwa sababu ndicho kitakachokuharibia picha: ndoo ya rangi kali, waya wa umeme unaotokeza kichwani kwake, kalenda ukutani. Kisha jiulize kazi hii inavuta pumzi wapi. Kila kazi ya mikono inapo mahali pa kusimama kidogo. Mwashi hufumba jicho moja kuangalia kama safu imenyooka. Fundi magari huinamisha kichwa kuisikiliza injini. Muuguzi huinua sindano kwenye mwanga kutoa povu la hewa. Mhasibu hupandisha miwani kwenye paji la uso, akafinya macho kwa vidole viwili. Mwalimu akishafuta ubao hugeuka, na mkono wa shati lake una chaki. Mahali hapo pa kusimama ndipo mtu anapoonekana alivyo, maana mwili umesahau kujipanga na akili iko ndani ya kazi.

Ukishapajua, weka fokasi mapema, yaani ichagulie kamera mahali pa kuonekana kwa ukali. Mimi huielekeza kwenye mguu wa cherehani, naifunga, halafu nasubiri vidole vije vyenyewe. Kamera ikiachwa itafute fokasi mkono ukiwa tayari unapita, mara nyingi itashika ukuta.

Kwa kasi ya shata, nina vipimo viwili ninavyovitegemea. Mikono inayofanya kazi ya kawaida hutulia vizuri kwenye 1/250. Nikitaka mwendo uonekane nashuka hadi 1/30, naegemeza viwiko mezani, nashikilia pumzi. Kwenye 1/30 sindano hupanda na kushuka mara mbili au tatu ndani ya picha moja, ikawa kivuli chembamba kinachopenya nuru, huku kidole kilichotulia pembeni kikibaki na kila mstari wake wa ngozi. Nilipoiona picha ya namna hiyo mara ya kwanza niliita karakana nzima waje waitazame.

Na uiname. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chini ya meza kwetu kuna maisha mengine kabisa: miguu kwenye pedali, soli iliyolika upande mmoja, vipande vya vitambaa vya rangi zote vilivyorundikana kama majani. Nilikaa miaka nikipiga picha za usawa wa macho yangu nikiwa nimesimama. Siku niliyodondosha kasha la bobini nikapiga magoti kulitafuta ndiyo siku niliyoona chumba cha pili.

Mwanga wa ndani na kero zake

Ukiweza, zima taa. Mwanga wa dirisha na wa balbu havina rangi moja. Balbu ya kizamani ni ya rangi ya chungwa, mchana una ubuluu, na vikikutana usoni mwa mtu, shavu moja linakuwa la mgonjwa. Kama taa haziwezi kuzimwa kwa sababu watu wanafanya kazi, msogelee yule aliye karibu zaidi na dirisha ili mwanga wa dirisha ushinde. Ukaribu una nguvu kuliko watu wanavyodhani: kwa dirisha dogo, aliye mita nne anapata karibu robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita mbili.

Kero nyingine inawapata wengi bila kuijua. Taa nyingi za LED na za mirija huwaka na kufifia kufuata umeme wa gridi, mara 100 kwa sekunde pale umeme ulipo wa hezi 50 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), na mara 120 ulipo wa hezi 60. Jicho halioni. Kamera inaona, hasa ukiiweka kwenye hali ya kimya ili usiwasumbue watu: picha inatoka na michirizi ya giza inayokatiza kutoka upande hadi upande. Dawa yake ni kuchagua 1/50 au 1/100 kwa hezi 50, na 1/60 au 1/125 kwa hezi 60, au kurudia shata ya kawaida yenye mlio. Mimi niliipeleka kamera yangu kwa fundi nikiamini imekufa, na haikuwa na tatizo lolote.

Sasa mvuke, kwa kuwa ndio ulionifikisha hapa. Mvuke, moshi, vumbi, matone ya maji yanayoruka, vyote hivyo havionekani vizuri vikimulikwa kutoka mbele. Mwanga uwe nyuma yake au ubavuni, na kilicho nyuma kiwe cheusi. Jisogeze wewe mpaka ukuta mweusi uwe mgongoni mwa mvuke. Hatua moja kushoto au kulia inaweza kuwa tofauti kati ya picha na hewa tupu. Punguza mwanga wa picha kwa nusu ya ule kamera inaoupendekeza, la sivyo kamera itaogopa ule weusi, itauangaza ukuta na kuunguza mvuke. Kwenye 1/250 mvuke hubaki na mikunjo yake. Kwenye 1/15 huwa kama kitambaa chembamba kilichotandazwa hewani. Naipenda ya kwanza, ingawa wapo wanaonibishia.

Kama unatumia simu, yote haya yanawezekana. Kwenye simu nyingi ukibonyeza na kushikilia sehemu yenye mwanga zaidi kwenye skrini, fokasi na mwanga hufungwa hapo. Kisha unaburuta kidole kushusha mwanga. Usivute picha kwa vidole ili kuikuza. Piga hatua usogee. Na ufute lenzi. Simu ya mtu wa kazi ina mafuta ya vidole, jasho, kwetu sisi na manyoya ya vitambaa, na picha nyingi ambazo watu husema zimetoka na ukungu zimetoka na alama ya kidole.

Watu wa kazini kwako

Sipigi picha ya mwenzangu bila yeye kujua kwamba mimi ni mtu wa kupiga picha. Sisemi kwamba naomba ruhusa kila nikibonyeza kitufe, maana ningeua kila kitu. Niliomba mara moja, mapema, kwa utulivu, bila kamera mkononi. Mzee wa pasi nilimwendea jioni tunafunga kazi.

"Mzee, naomba nikupige picha ukiwa kazini. Mikono zaidi."

Akaigeuza mikono, akaiangalia kama ya mtu mwingine. "Hii, mwanangu? Imeungua yote hii."

"Ndiyo maana naiomba."

Akakubali, kwa sharti kwamba ataziona picha kabla ya mtu mwingine. Nimelishika sharti hilo kwa kila mtu tangu siku ile. Siku za kwanza watakuwa wanakutazama na kujinyoosha. Piga chache, waonyeshe, rudi kwenye kazi yako. Baada ya wiki mbili hivi watakuwa wamekuzoea, na hapo ndipo picha zinaanza. Usimpige mtu mkono wake ukiwa kwenye hatari, karibu na msumeno au mashine inayozunguka. Akigeuka kukutazama, unaweza kumlemaza.

Kuna kosa nililolifanya ambalo sitaki ulirudie. Nilipiga picha ya gauni likiwa limevikwa sanamu karibu na dirisha, mwanga ukipita kwenye lesi, nikaiweka mtandaoni usiku huo huo kwa furaha. Mwenye gauni hakutaka lionekane kabla ya siku yake. Aliiona kama walivyoiona wengine. Alikuja kulichukua bila kunitazama usoni. Niliifuta, nikamwomba radhi, akasema amenisamehe, lakini hakurudi tena kushonesha kwetu, na ni haki yake. Nilikuwa nimeuona mwanga nikasahau kwamba nguo ina mwenyewe. Tangu hapo, kazi ya mteja haitoki bila kauli ya mteja. Kwenye daftari la vipimo, ambalo lina majina, namba za simu na mizunguko ya miili ya watu, sielekezi kamera hata likiwa limefungwa. Kwako inaweza kuwa skrini ya kompyuta, faili la mgonjwa, orodha ukutani, sura ya mtoto wa mtu. Kabla hujapiga, zunguka fremu kwa macho kona zote nne utafute kisicho chako.

Na picha uzirudishe. Milton Rogovin alikuwa mpima macho mjini Buffalo, Marekani. Mwaka 1972 alianza kupiga picha watu wa mtaa uliokuwa karibu na mahali pake pa kazi, akawapa picha zao, kisha akawarudia watu wale wale katika miaka ya 1980 na ya 1990, akawapiga tena wakiwa wamekua, wamezeeka, wamepata wajukuu. Milango iliendelea kufunguka kwa sababu picha zilikuwa zimerudi majumbani mwao. Mimi huchapisha ndogo ndogo. Dada anayekaa cherehani ya pembeni yangu ameibandika yake ndani ya mfuniko wa kasha lake la nyuzi.

Watu wakishaondoka

Baki dakika kumi baada ya kazi, au fika mapema kabla ya wenzako. Vitu vilivyoshikwa kutwa vinabaki na umbo la walioshika. Koti lililoachwa nyuma ya kiti lina kiwiko kilichopinda bado. Chaki imelika upande mmoja kwa sababu anayeitumia ni wa mkono wa kushoto. Kwenye mto wa pini kila fundi ana mpangilio wake. Wapo wanaozichoma zote kwa safu na wapo wanaozitupia tu, nami naweza kumtaja mwenye mto bila kuambiwa. Hapa huna haja ya kasi yoyote. Weka kamera juu ya kitu kilichotulia, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili usiitikise, shuka hadi nusu sekunde au sekunde nzima, uache mwanga mdogo wa jioni ufanye kazi yake. Usipange vitu. Ukishaanza kuhamisha mkasi ili upendeze, picha inakuwa yako, na ulikuja kutafuta ya kwao.

Njiani na nyumbani

Hapa sina mengi, maana kanuni ni ile ile: njia unayopita kila siku ina saa zake. Chagua mahali pamoja pa kusubiri, palipo na mwanga au kivuli kizuri, uache watu wapite ndani yake, badala ya kuwafukuzia. Vivian Maier alikuwa yaya mjini Chicago. Alizunguka mitaa na watoto aliowalea, kamera yake ya kutazamia kwa juu ikiwa usawa wa kifua, na aliacha nyuma negativu, yaani picha zikiwa bado kwenye filamu, zaidi ya 100,000 ambazo karibu hakumwonyesha mtu. Zilijulikana baada ya vitu vyake kuuzwa kwenye mnada mwaka 2007. Siku zake zilikuwa za kazi ya watu wengine, na bado alipiga.

Nyumbani mimi nina vituo vitatu: kamba ya nguo jua linapokuwa chini na shuka linakuwa pazia la vivuli, sinki la vyombo maji yanapotiririka dhidi ya dirisha, na mlango wa chumba cha mtoto wakati taa ya nje imewaka na ya ndani imezimwa. Vingine utavipata wewe.

Kuchagua

Picha za leo usizichague leo. Bado unakumbuka jinsi ulivyohangaika kuzipata, na uchovu huo utakudanganya kwamba ni nzuri. Mimi huziacha wiki nzima. Kisha nazipitia zikiwa ndogo kabisa kwenye skrini, kama kucha, maana picha isiyosimama ikiwa ndogo mara nyingi haisimami ikiwa kubwa. Nabaki na tano au sita. Hizo nazichapisha, naziweka mezani, namwita anayeijua kazi ile aziangalie. Sitafuti sifa. Natafuta aniambie kama ndivyo ilivyo.

Picha ya mvuke nilimpelekea mzee, kama tulivyokubaliana. Aliishika muda mrefu, akaisogeza dirishani.

"Ni nzuri," akasema. "Ila hapa kazi imeshakwisha, mwanangu. Ungenipiga ninapoisikiliza."

"Unaisikiliza nini, Mzee?"

"Pasi."

Akanionyesha. Kabla haijagusa nguo ya kwanza ya siku anailaza ubavu, anachovya kidole kwenye maji, anaudondosha mchirizi mmoja kwenye bati lake la chini, kisha anafumba macho na kuinamisha kichwa. Maji yakichuruzika kwa sauti nene, bado. Yakilia kwa ukali na kukatika mara moja, iko tayari kwa pamba, lakini itaunguza sufu. Anafanya hivyo kila asubuhi, hatua sita kutoka kilipo kiti changu, na nilikuwa sijawahi kumwona.

Nimeandika kwenye daftari: "Saa 2:50, kabla ya jua. Simama upande wa kulia wa meza. Sikio la kushoto, kidole chenye maji, macho yamefumbwa. Ukuta wa kijivu uwe nyuma."